Mrejesho: insulini ya mama na sukari ya kupanda na kushuka

Wakuu, niliuliza kwa nini mama, anayechoma insulini ya mchanganyiko (30/70, yaani asilimia 30 ya muda mfupi na 70 ya muda wa kati) asubuhi na jioni, sukari inamchezea: leo 18 mmol/L, juu mno, kesho usiku jasho na kutetemeka kwa kushuka. Asanteni mno mliojibu.

Lililosaidia kuliko yote ni la kukagua ngozi. Kushoto kwa kitovu palikuwa na donge gumu, maana alizoea kuchoma palepale, na dawa ikiingia humo hainyonywi sawasawa. Nesi akatuonyesha kuhamahama sehemu za kuchoma, tumboni na mapajani, na kuviringisha kichupa viganjani mpaka weupe ulingane, bila kukitikisa. Anachoma nusu saa kabla ya kula, na chakula kiwe kimeshaiva kweli! Jasho la usiku limekoma.

Sukari ya alfajiri ndiyo bado iko juu, 11 hadi 13. Daktari hataki kuongeza dozi ya jioni, isije ikamshusha usiku. Anafikiria kuzitenganisha insulini hizo mbili za jioni: ya muda mfupi kabla ya chakula cha jioni, ya muda wa kati wakati wa kulala. Mkuu uliyesema niongeze yuniti mwenyewe, samahani, hilo sikulifuata.