Tupeane uzoefu: kiduku, dredi, kucha nyeusi... na kijana anayeumwa kweli unamjuaje? (Dodoma na Kanda ya Kati)

Mlezi_Ipagala
Wakuu, habari za jioni. Likizo ya Desemba imefika, watoto wa bweni wanarudi na kila mtaa una kesi yake. Huyu kanyoa kiduku, yule kapaka kucha nyeusi, mwingine anashinda na katuni za Kijapani ndani ya sweta la kofia kwenye joto hili. Hukumu ziko tayari: dredi ni bangi, kucha nyeusi ni Frimasoni, mlegezo ni uhuni. Na anayeumwa kweli, yule mpole anayeshika namba darasani, hakuna anayemtazama. Walimu, wauguzi, vinyozi, viongozi wa dini, tieni neno. Ukitaja dalili, taja na hatua.

Naanza. Mavazi hufuata kundi. Kinachotakiwa kukushtua ni mtoto kuacha alichokuwa anakipenda. Wa kwaya haendi mazoezi, wa mpira kagawa viatu vyake, chakula anabakiza, usingizi umehama, na hali imevuka wiki 2. Kaa naye huyo, hata kama hana hereni.

Kinyozi_Majengo
Vinyozi wenzangu, jifunzeni kutofautisha mapunye na nywele zilizonyonyolewa. Mapunye huwa duara, ngozi ina magamba, nywele zimekatikia chini hadi zinaonekana kama vidoti. Hao ni fangasi, na dawa yake ni vidonge vya hospitali, maana ya kupaka haifiki kwenye shina la unywele. Mashine isafishwe kwa spiriti kabla haijagusa kichwa kingine.

Aliyejinyonyoa ni tofauti. Kipara hakina umbo maalumu, ngozi ni laini, na ukipitisha kidole unasikia nywele za urefu tofauti, nyingine ndiyo kwanza zinachomoza. Huyo hunyonyoa akibanwa na wasiwasi, mara nyingi hata hajitambui. Usimtangaze mbele ya foleni. Ukimaliza kunyoa muulize chinichini nyumbani kukoje, shule ikoje. Na mzazi anayesema "mnyoe upara yaishe" aelezwe kwamba mkono utahamia kwenye nyusi na kope.

Binti_Kizota
Hii ya urefu tofauti wa nywele iandikwe kwenye kila saluni.

Mzalendo_Mpwapwa
Mnalea ulegevu. Emo, gothi, sijui nini, hayo makundi ya muziki na nguo nyeusi, yote ni ya Wazungu. Zamani fimbo ilitosha na hakuna aliyesikia habari za sonona, huo ugonjwa wa huzuni isiyoisha.

Mwl_wa_Malezi
Mkuu Mzalendo, fimbo ya shule ina kanuni. Inachapwa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, haizidi viboko 4, inaandikwa kitabuni, na msichana anachapwa na mwalimu wa kike. Ni adhabu ya kosa kubwa. Mtoto ambaye hawezi kuamka kwa sababu ya sonona ukimchapa kwa uvivu, kesho ataamka na kuficha, na wewe utaandika "amerekebika".

DJ_Changombe
Emo kweli ilianzia Washington, Marekani, katikati ya miaka ya 1980, kwenye muziki. Sasa tazama hukumu za nywele zilikofikisha watu. Mwaka 2007 kule Uingereza, Sophie Lancaster wa miaka 20 alipigwa hadi kufa, kosa lake ni kuvaa kigothi. Mwaka 2008 mjini Querétaro, Meksiko, vijana walikusanyika kuwapiga wenzao wa emo. Singeli nayo ilipotoka uswahilini Dar es Salaam tuliambiwa ni ya vibaka, leo inapigwa kwenye harusi za watu wazima.

Mzalendo_Mpwapwa
Kwa hiyo hayo makundi hayana madhara kabisa? Semeni ukweli.

Nesi_Chamwino
Swali zuri, tusilipite. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa vijana wa Uskoti. Waliojihesabu wagothi walikuwa wachache, ila kujidhuru kwao kulikuwa juu sana kuliko kwa wenzao. Lakini wapo walioanza kujidhuru kabla hawajaingia kwenye kundi. Yaani aliyeumia hutafuta wenzake wa kumwelewa. Ukimtoa humo kwa nguvu umemnyang'anya marafiki, maumivu umemwachia. Waulize hao marafiki, ndio wa kwanza kujua.

Matroni_Kondoa
Naona mnazungumzia kucha. Shule za wasichana tuna jambo kubwa zaidi, KUANGUKA. Niwape lilivyo maana msimu wa mitihani ukifika linarudi.

Huanza na mmoja, mara nyingi usiku bwenini au asubuhi mstarini. Anapiga kelele, anapumua haraka haraka, vidole vinakakamaa, anaanguka. Wenzake wanamzunguka, mmoja anataja jini, na baada ya muda mfupi wameanguka kadhaa. Anayeanguka ni anayemwona au kumsikia aliyeanguka. Basi kazi ya kwanza ni kukata macho na masikio. Waliosimama waondoke na mwalimu mmoja, waende mbali wapewe kazi au uji. Walioanguka watenganishwe, kila mmoja chumba chake au kona yake, mtu mzima mmoja mtulivu kwa kila mtoto. Fungua madirisha, legeza nguo, mwambie avute hewa taratibu puani na kuitoa taratibu zaidi mdomoni. Vidole vimekakamaa kwa sababu ya ile pumzi ya haraka, vitalegea.

Wakati huohuo hakikisha si kifafa. Kwenye kifafa macho huwa wazi, anaweza kung'ata ulimi pembeni au kujikojolea, na akimaliza analala amechanganyikiwa. Huyu anayeanguka kwa kuona wenzake mara nyingi amefumba macho kwa nguvu, ukijaribu kuyafungua anakaza. Kwa vyovyote usitie kijiko mdomoni, mlaze ubavu. Degedege likipita dakika 5, tafuta gari.

Kisha mtafute wa KWANZA, na umuulize peke yake. Huko ndiko utakuta mwalimu anayemsumbua, ada, mimba, msiba uliofichwa, au bweni lililojaa kupita kiasi. Likitatuliwa la kwake, wengine hupoa.

Na msikimbilie kufunga shule. Kashasha, karibu na Bukoba, Januari 30, 1962, wasichana 3 walianza kucheka bila kujizuia. Wakafika 95 kati ya wanafunzi 159, shule ikafungwa Machi 18. Waliporudishwa makwao, kicheko kikaenda nao vijijini.

Fundi_Simu_Makole
Hiyo ya Kashasha nilidhani ni hadithi za vijiweni. Matroni, asante.

Mchungaji_Nkuhungu
Ubarikiwe, matroni, lakini maombi umeyaruka. Mtoto akilia jini, mzazi anataka aombewe na ana haki.

Matroni_Kondoa
Mchungaji wangu, aombewe. Ila aombewe peke yake, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, baada ya kutulia. Ukiita shule nzima uwanjani na kukemea kwa kipaza sauti, umewapa wote cha kuona na kusikia, na kesho idadi inaongezeka. Asifungwe kamba, asifungishwe kula, na kama ana dawa za kifafa asikatishwe.

Mchungaji_Nkuhungu
Hapo tumeelewana.

Mama_Hombolo
Turudi kwa mtoto mmoja mmoja. Ukishaona zile wiki 2, unamuulizaje? Sisi tunaogopa kwamba ukitaja kujiua ndiyo umemfundisha.

Nesi_Chamwino
Mama, kuuliza hakumpandikizii wazo, kunamtua mzigo. Usiulize mbele ya baba na wajomba. Mkiwa mnachambua mboga au mnatembea, anza na usingizi na chakula, halafu sema wazi: "Umefika mahali pa kuona bora usingekuwepo?" Akikubali, uliza: "Umefikiria utafanyaje?" Mwenye mpango na kifaa asiachwe peke yake, hata usiku huo.

Kituoni tunaanza na mwili: wekundu wa damu, malaria, VVU, kifafa, maana msichana mwenye upungufu wa damu naye huchoka na kujitenga. Kisha dodoso la kupima sonona, PHQ-9. Maswali ni 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 anahitaji kuangaliwa kwa karibu, na swali la 9 la kutaka kufa halisubiri jumla.

Akiandikiwa fluoxetine, dawa ya sonona, nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Wiki za mwanzo ndizo za kumlinda zaidi, maana kwa vijana mawazo ya kufa yanaweza kuongezeka kabla hayajapungua. Vidonge vikae kwa mzazi, atoe cha siku moja. Msikatishe ghafla akichangamka. Na msimnunulie amitriptyline, dawa nyingine ya sonona, dukani kwa sababu jirani alipewa. Kwa sonona ya kijana haipendekezwi, na ikizidishwa inaua moyo.

Mzalendo_Mpwapwa
Na mkiambiwa mpeleke Mirembe? Mtoto ameshaharibiwa jina.

Mwl_wa_Malezi
Jina tunaliharibu sisi tunaotumia "wa Mirembe" kama tusi hapa mjini. Ile ni hospitali ya afya ya akili. Ina kliniki ya wagonjwa wa nje, mtu anaonwa na kurudi nyumbani. Isanga ndiyo taasisi ya wagonjwa wa akili wenye kesi mahakamani, msichanganye. Na kabla ya huko kuna hospitali ya mkoa na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Mkulima_wa_Zabibu
Wakulima wenzangu wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, viuatilifu vya zabibu tunaviweka chini ya kitanda tukiogopa wezi. Humohumo analala kijana. Wekeni kwenye sanduku la bati lenye kufuli, nje ya chumba cha kulala, ufunguo kwa mtu mmoja. Msimimine kwenye chupa ya soda.

Nesi_Chamwino
Mkulima, asante sana. Niongeze. Ikitokea amekunywa, MSIMTAPISHE na msimpe maziwa. Mvueni nguo zilizomwagikiwa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, mlazeni ubavu, njooni mara moja na chupa yenye lebo. Familia nyingi husema "amekosea, alidhani soda" kwa kuogopa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kwa sababu kujaribu kujiua bado ni kosa kwa sheria yetu. Mwambieni daktari ukweli, tena na saa aliyokunywa, maana dawa ya kuokoa inategemea sumu ipi.

Mama_Hombolo
Sanduku la bati la ukubwa gani linatosha lita 5, na fundi gani pale Sabasaba anatengeneza? Nataka kesho.