Floraidi Kisoro: tusubiri unga wa sumaku au tuanze na tangi la mvua?

Ndugu zangu, naomba mnipinge kwa hoja.

Binti yangu alipoota meno ya kudumu, yalitoka na mabaka ya kahawia. Nilimsugua kwa mswaki mpaka akalia. Baadaye nikaelezwa kuwa chanzo ni floraidi, madini yaliyoyeyuka katika maji ya kunywa: ikizidi, inaharibu jino tangu likiundwa kwenye ufizi, na mswaki hauondoi doa lile. Tunakaa chini ya mlima Muhavura, kusini magharibi mwa Uganda. Utafiti uliochapishwa 1999 ulitaja maji ya kwetu Kisoro kuwa na miligramu 2.5 za floraidi kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki.

Sasa tunasikia habari za unga wa sumaku: chembe ndogo mno za chuma cha sumaku, zilizovikwa ganda la alumina au zirkoniamu, yaani madini yanayonasa floraidi. Unazikoroga majini, floraidi inang'ang'ania lile ganda, kisha sumaku inazivuta zote pembeni. Ni kazi nzuri, siidharau. Ila watoto wanakunywa leo. Mimi nasema fedha zianze na matangi, kwa sababu maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa.

Mchangiaji wa 1: Dada, na kiangazi? Unga ule unaoshwa kwa kostiki soda, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni, ukaachia floraidi na kutumika tena. Tangi likikauka limekauka.

Mwanzisha mada: Kaka, piga hesabu nami. Watoto watatu, lita tano kila mmoja za kunywa na uji, siku 90: lita 1,350. Tangi la lita 1,500 linatosha, mradi wakubwa wasilifulie nguo. Jino likishakamilika halipati tena madoa hayo, kwa hiyo wadogo watangulie. Na hayo maji ya kuoshea unga, yenye floraidi yote iliyokusanywa, yatamwagwa wapi? Kwenye shamba la viazi la nani? Tena chemchemi za milima ya volkano huwa na bikaboneti nyingi, chumvichumvi iliyoyeyuka majini, nayo inagombea nafasi ileile kwenye ganda. Watafiti waupime unga huo kwa maji yetu wenyewe, maji ya maabara hayatoshi.

Mchangiaji wa 2: Nyumba ya mama yangu ni ya nyasi. Atakinga mvua na nini?

Mwanzisha mada: Hapo umenishika, mama asiachwe nje. Kwa nyumba kama hiyo nataka tangi la jirani au la shule, na bati la shule tunalo. Nani ana mpango bora zaidi?