MJADALA: Muda wa kurudisha bidhaa ukiisha, haki ya kudai pesa nayo imekwisha?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kina, maana watu wengi wanaumia kimyakimya.

Niliagiza mtandaoni chaja ya kompyuta mpakato, iwe ya akiba. Ilipofika sikuifungua kwa sababu ya zamani ilikuwa bado nzima. Ya zamani ilipokufa ndipo nikafungua boksi. Stika ya nje imeandikwa wati 65, sawasawa na oda yangu. Chaja yenyewe, ukisoma yale maandishi madogo mgongoni, ni wati 45. Kompyuta inaipokea, lakini ukiipa kazi nzito betri inazidi kushuka huku imechomekwa. Nikaingia kwenye akaunti yangu: kitufe cha kurudisha kimefifia, hakibonyezeki. Huduma kwa wateja wakanijibu mstari mmoja tu, kwamba muda wa kurudisha umepita.

Hoja yangu ni hii. Zile siku za kurudisha zipo kwa ajili ya mnunuzi anayeghairi. Rangi haikumpendeza, au alichagua saizi isiyo yake. Hapo muuzaji hana kosa, na ni haki yake kuweka mwisho. Mimi sikughairi. Nililipia kitu kimoja nikaletewa kingine, yaani muuzaji hajatimiza alichouza. Kosa lake halifutiki kwa kuwa kalenda imesogea.

Wapo walioyatenganisha haya kisheria. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2011, unampa anayenunua mtandaoni siku 14 tangu mzigo umfikie, arudishe bila kutoa sababu. Muuzaji asipomjulisha haki hiyo, muda unaongezeka miezi 12. Na hiyo ni ya kughairi tu. Bidhaa isiyolingana na ilivyoelezwa ina dhamana yake ya kisheria, isiyopungua miaka 2. Uingereza, kwa sheria ya 2015, mnunuzi ana siku 30 za kuikataa bidhaa ya namna hiyo na kurudishiwa pesa yote. Zikipita, bado anaweza kudai itengenezwe au ibadilishwe, na ikishindikana anadai apunguziwe bei au airudishe.

Sasa kwa nini majukwaa mengi ya mauzo yanatupa kitufe kimoja tu kwa mambo mawili tofauti?

Mchangiaji, muuzaji wa mtandaoni

Mkuu, pole kwa yaliyokukuta, lakini sikiliza na upande wetu. Nauza spea za simu. Mtu ananunua kioo kipya, anakifunga kwenye simu yake, kisha kile chake kilichoharibika anakitia kwenye boksi langu na kunirudishia. Hilo linatokea ndani ya muda uliowekwa, sembuse baada ya miezi kadhaa. Msambazaji wangu naye ana siku zake za kupokea marejesho. Zikipita, hasara ni yangu peke yangu. Halafu jukwaa linashikilia pesa zangu mpaka muda wa kurudisha uishe. Nikizipata nanunua mzigo mwingine siku hiyohiyo. Unataka nikae na deni nisilolijua kwa miaka miwili?

Mnunuzi naye ana wajibu. Mzigo ukifika, fungua, kagua.

Mchangiaji

Namuunga mkono muuzaji kwenye kukagua. Ila kuna vitu hata ukivikagua huoni kitu. Chujio la maji au wino wa printa utajua ni wa modeli nyingine siku ya kuuweka. Na zawadi je? Aliyenunua hafungui, na anayefungua hana risiti.

Mleta mada

Ndugu muuzaji, hoja ya udanganyifu naiheshimu, kwa sababu mwisho wa siku sisi waaminifu ndio tunaolipia kwa bei kupanda. Lakini dawa yake ni ushahidi, siyo kufunga mlango kwa wote. Vifaa vingi vina namba ya utambulisho. Iandikwe kwenye risiti wakati wa kutuma. Kikirudi chenye namba tofauti, mjadala umeisha. Kwa visivyo na namba, piga picha unapofunga mzigo.

Na zile sheria hazijakutupa. Kadiri muda unavyokwenda, mzigo wa kuthibitisha unamhamia mnunuzi. Uingereza kasoro ikionekana ndani ya miezi 6 ya mwanzo, inachukuliwa kwamba ilikuwepo tangu mauzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Baada ya hapo mnunuzi ndiye athibitishe. Ulaya kipindi hicho ni mwaka 1 tangu 2022. Naona ni mgawanyo wa haki. Atakayekuja kwako amechelewa aje na uthibitisho mzito, lakini asikilizwe.

Mchangiaji, niliwahi kufanya kazi kitengo cha kadi benki

Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Kama ulilipa kwa kadi, kuna njia ya kupinga muamala kupitia benki yako, na kalenda yake haifuati ya duka. Visa na Mastercard kwa kawaida hutoa hadi siku 120 kwa bidhaa isiyolingana na maelezo. Kwa kadi za mkopo Marekani kuna sheria ya mwaka 1974 inayompa mteja siku 60 tangu atumiwe taarifa ya akaunti, apinge kwa maandishi.

Madai mengi niliyoyaona yakikataliwa yalikataliwa kwa sababu ya maneno. Mtu anaandika "sikuitaka tena" wakati aliletewa kitu kingine. Andika kilichotokea: niliagiza hiki, nikaletewa hiki, nilimwandikia muuzaji tarehe hii, akanijibu hivi. Weka picha ya bidhaa na picha ya ukurasa wa tangazo kama ulivyokuwa siku uliponunua, kwa sababu matangazo hubadilishwa. Na uanze kwa muuzaji, benki itakuuliza.

Uliyetuma pesa moja kwa moja bila kadi, njia hii huna. Na usiitumie kufunika kosa lako mwenyewe, huo ni uongo na muuzaji atakuumbua kwa nyaraka.

Mchangiaji

Na aliyeagiza kimakosa mwenyewe, muda ukapita?

Mleta mada

Huyo, kwa maoni yangu, hana dai. Ana ombi. Kama boksi halijafunguliwa, aombe kubadilishiwa au pesa zibaki kama salio la kununulia kitu kingine, na usafirishaji alipe yeye. Wauzaji wengi hukubali wakiandikiwa kwa adabu, lakini akikataliwa asiseme ameonewa.

Ninachokitaka ni vitufe viwili. Cha kughairi kiwe na siku chache, zihesabiwe tangu mzigo ufike mkononi na siyo tangu oda iwekwe. Cha "nimeletewa kisicho chenyewe" kibaki wazi muda mrefu zaidi, na gharama ya kurudisha iwe ya muuzaji. Ndugu muuzaji, wewe ungekubali muda gani?

Mchangiaji, muuzaji wa mtandaoni

Miezi 6, kama namba inalingana na risiti yangu. Usafirishaji nalipa nikishakikagua nikakuta kosa ni langu, siyo kabla. Na jukwaa nalo libebe sehemu, kwa sababu linakata kamisheni kwenye kila mauzo. Miaka 2 siwezi, mkuu. Wenye maduka makubwa waseme ya kwao.