Lupini ya kudumu: hii ni perennis kweli? Na mbona majani machanga ni njano?

kigezi_shambani: Habari za kazi. Nina lupini (mmea wa maua wa jamii ya kunde) Kabale, Uganda, kwenye tuta la kilimani, udongo mfinyanzi. Pakiti ya mbegu iliandikwa *Lupinus perennis*. Jani moja lina vidole (vijani vidogo vinavyotoka sehemu moja) 13, kirefu kuliko vyote kina sentimita 9, ncha imechongoka. Majani machanga ni njano lakini mishipa bado ni kijani. Kabla ya kupanda nilitia jivu la jikoni.

mtaalamu_wa_majani: Hiyo si perennis, ndugu. Perennis huwa na vidole 7 hadi 11, vya sentimita 2 hadi 5, vipana kuelekea nchani, na ncha yenyewe ni mviringo wenye kijimwiba. Mmea mara nyingi hauzidi sentimita 60. Yako ni lupini ya aina nyingine, *Lupinus polyphyllus*, au chotara wake wa bustani, na shina lake linaweza kupita mita moja. Rangi ya maua isikudanganye, zote mbili hutoa ya buluu na zambarau.

Tafadhali usiiache isambae. Polyphyllus imekuwa gugu sumbufu Ulaya na New Zealand. Ganda likikauka hujipinda likapasuka na kurusha mbegu, kwa hiyo kata vishada maua yakishanyauka, hasa kama kuna kijito karibu.

kitalu_mbale: Njano hiyo inatokana na jivu. Jivu hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo; ikipanda, uchachu hupungua), madini ya chuma yanafungwa udongoni, na majani machanga ndiyo huumia kwanza. Lupini hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Acha jivu kabisa. Chimbua pia kando ya shina uangalie mzizi: ukiwa mweusi na laini, maji yanatuama, chimba mfereji upande wa juu wa tuta.

Ukipata mbegu ya perennis yenyewe, sugua kila moja kwa msasa upande mmoja mpaka mng'ao uishe, kisha loweka saa 24. Isiyovimba irudi kwenye msasa. Zilizovimba changanya na mchanga mnyevu, weka kwenye friji siku 7 hadi 10, halafu panda kina cha sentimita 1 mvua zikianza. Mahali pawe na kichanga na jua la kutosha. Ukitumia mifuko, iwe mirefu, maana mzizi mkuu ukikatika mche haushiki tena. Usitie samadi wala urea. Nitrojeni itapata kwa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake. Bakteria hao wa kuchanganya na mbegu wawe wa lupini. Wale wa maharagwe hawaifai. Kata kinundu cha mzizi: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi.

kigezi_shambani: Asante sana. Mbuzi wanaweza kula vishada nitakavyokata?

mtaalamu_wa_majani: Hapana, sebo. Maganda na mbegu ndivyo vyenye sumu kali zaidi. Choma au fukia kwa kina. Na usishangae mwaka wa kwanza ukiona majani tu. Lupini za kudumu kwa kawaida huanza kuchanua mwaka wa pili.