Wapiga Gitaa Ngamiani: kufungua gitaa jekundu

Hassani: Shikamoo Mzee Kombo. Habari za asubuhi wakubwa. Lile gitaa la umeme la Kijapani la kikundi nataka kulifungua lote nilisafishe. Nianzie wapi?

Mzee Kombo: Marahaba. Bisibisi iweke pembeni kwanza, chukua multimita, iweke kwenye omu. Chomeka kebo kwenye gitaa, volyumu fungua mpaka mwisho, pima ile jeki ya upande wa pili: ncha na mwili wake. Pikapu (kile kinachonasa sauti ya nyuzi) pima moja moja, ukichagua kwa swichi.

Mzee Kombo: Pikapu nzima ya koili moja husoma kiloomu 5 mpaka 8. Ikija 250 hivi, koili imekatika, hiyo unayosoma ni kitufe cha volyumu tupu. Sifuri? Kuna nyaya zimegusana.

Da Zuhura: Na piga picha za nyaya zote kabla hujagusa kitu. Zikishatoka zote zinafanana.

Hassani: Sawa dada. Skrubu za bamba la mbele zina kutu, bisibisi inateleza.

Da Zuhura: Acha hapo hapo! Msalaba wa skrubu za Kijapani si Phillips. Bisibisi ya Phillips haikai vizuri, inapanda juu na kula kichwa. Tafuta ya JIS (kipimo cha Kijapani) namba 2, ulizia kwa mafundi pikipiki. Igandamize kwa uzito wa mwili ndiyo uzungushe.

Fundi Saidi: Za shingo zikigoma, hewa ya bahari hiyo 😅 Gusisha chuma cha kuchomea risasi kichwani sekunde kama 20, acha ipoe, kaza kidogo, kisha fungua. Za bamba usichome, plastiki itayeyuka.

Hassani: Nyuzi nikate tu?

Da Zuhura: Legeza zote kwanza, ndiyo ukate. Shingo ina skrubu 4, zilegeze kwa zamu. Ukikuta kikaratasi au kipande cha ubao chini yake usitupe, ndicho kinachoipa shingo pembe yake.

Fundi Saidi: Daraja linaloshika nyuzi usilivute. Kuna waya wa ethi (wa kuzuia mvumo) chini yake. Ukikatika gitaa litavuma hata ukishika nyuzi.

Fundi Saidi: Na stiliwaya isikaribie pikapu! Chembe zake zinanasa kwenye sumaku. Tumia brashi laini. Waya wa koili ni milimita 0.06, ukucha unaukata.

Hassani: Nimepima. Ya shingoni 6.2, ya kati 6.4, ya darajani 248.

Mzee Kombo: Basi ya darajani imekatika. Usikate tamaa, angalia pale waya mwembamba unapoungana na ule mnene. Kutu hupenda hapo. Ikiwa ndipo, ni tone la risasi tu. Ikiwa ni ndani, utasuka upya mizunguko elfu saba na ushee.

Da Zuhura: Tuma picha ya hapo kwenye maungio. Karibu kabisa, mwanga utoke ubavuni.