Delhi mwezi wa Disemba: tule nini mitaani kisicho na nyama?

BintiMakadara

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi wa Disemba nitamsindikiza mama yangu Delhi kwa matibabu, na tutakaa wiki tatu katika nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha metro cha Hauz Khas. Mama hali nyama nje ya nyumbani kwa kuwa hajui imechinjwaje, nami nyama niliiacha kabisa miaka kadhaa iliyopita. Tumeambiwa kwamba baina ya siku za vipimo tutapata nafasi ya kutembea, na mama ameshanionya kwamba hataki kurudi Mombasa akiwa ameona hospitali tu. Sisi tumezoea viazi karai, bhajia, na mbaazi kwa mahamri, na kila ninayemweleza safari hii hunijibu kwamba chakula cha kule ni kama cha hapa kwetu. Je, ni kweli? Ningependa kujua vyakula vya mitaani na vitamutamu ambavyo itakuwa hasara kuvikosa, na mahali vinapopatikana.

MwanaKibokoni

Waaleikum salaam, dada. Mwenyezi Mungu ampe mama shifaa. Nilisoma Delhi miaka minne, na naona wanaokuambia kwamba chakula ni kilekile wanakupoteza bila ya kukusudia, kwa sababu kilicho kilekile ni majina, na vitu vyenyewe ni vingine. Wahindi wengi wa hapa kwetu asili yao ni Gujarat na Kutch, upande wa magharibi, ilhali Delhi ni mji wa kaskazini uliorithi mapishi ya Punjab, ya Uttar Pradesh na ya majumba ya Wamoghuli, wafalme Waislamu waliotawala India zamani. Ukiagiza chapati utaletewa mkate mwembamba usio na tone la mafuta. Ile yetu ya kukunjwa kwa samli wao huiita paratha. Kachori yetu ni donge la viazi, lakini ya kwao ni andazi lililofura na kukauka, ambalo ndani limetiwa dengu za kusagwa na viungo. Faluda yao ni tambi laini zinazomiminiwa rabri, yaani maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Achari nayo si yale maembe makavu mekundu ya kumung'unya njiani, bali ni ya mafuta na chumvi, ya kulia mkate. Mimi niliiomba mkononi siku ya kwanza, na muuzaji akanitazama kama mtu aliyeomba chumvi ya kulamba.

Kutoka Hauz Khas pandeni metro ya mstari wa njano, ambayo itawafikisha Chandni Chowk bila ya kubadilisha treni. Soko hilo lilipangwa mwaka 1650 na Jahanara, binti wa mfalme Shah Jahan, na mpaka leo ndilo linaloongoza kwa vyakula vya mitaani mjini humo. Nendeni asubuhi, kwa sababu kitu ambacho ningekupa mbele ya vyote huisha mapema na hupatikana majira ya baridi tu, nayo ni daulat ki chaat. Maziwa hupigwa mpaka yatoe povu, na povu hilo huenguliwa kidogo kidogo na kurundikwa kwenye sinia, kisha hunyunyiziwa zafarani, sukari laini, khoya (maziwa yaliyokaushwa kwa kuchemshwa) na lozi. Ukilitia mdomoni hutoweka kabla hujapata la kutafuna, na jua likishapanda povu lenyewe hunywea, ndiyo maana wauzaji hutoka na masinia yao alfajiri. Wenyeji husimulia kwamba maziwa hayo hulazwa nje usiku ili yapate umande. Sijui umande unaongeza nini, lakini bila ya baridi povu halisimami, na ndiyo sababu huwezi kulipata mwezi wa Juni.

Baada ya hapo ingieni Paranthe Wali Gali, uchochoro wa maduka ya paratha zinazokaangwa katika karai la mafuta mengi. Hakuna nyama kabisa, na hata vitunguu na vitunguu saumu havitiwi, kwa kuwa waliouanzisha ni Wabrahmani, tabaka la makuhani wa Kihindu, ambao kwa mila hawavili. Chagueni ya koliflawa au ya figili, ambayo huletwa pamoja na mchuzi wa boga na chatini ya ukwaju. Pembeni mwa mtaa wa Dariba Kalan kuna duka la jalebi lililofunguliwa mwaka 1884. Jalebi, yaani zelebia, za hapo ni nene kama kidole, zinakaangwa kwa samli, na ziliwe palepale zikiwa moto, kwa sababu zikipoa shira huganda na ladha yote huondoka.

MpishiWaLikoni

Ninakubaliana na ndugu MwanaKibokoni, ila ameacha jambo moja ambalo kwa mgonjwa ni kubwa. Utaona watu wamezunguka vibanda vya gol gappa, viputo vyembamba vya unga vinavyotobolewa kwa kidole, vikatiwa viazi na dengu, kisha vikajazwa maji ya nanaa na ukwaju. Ni vitamu kupita kiasi, lakini maji hayo hayakuchemshwa. Mama asivile kibandani. Kama roho itamwania, tafuteni duka linalotumia maji ya chupa. Badala yake mpe aloo tikki, ambayo ni karibu na katlesi yetu ila haina nyama na hukaangwa juu ya bamba la chuma mbele yako, au chole bhature, yaani mchuzi mzito wa dengu kwa mkate uliofura kama puto. Hicho cha pili ni kizito. Kikiliwa saa nne asubuhi, chakula cha mchana kisahauni.

Kuhusu nyama msihangaike. Bidhaa zote za pakiti zina alama: duara la kijani ndani ya mraba ni chakula kisicho na nyama, na mayai kwa sheria yao hayaingii humo. Maduka mengi huandika nje kwamba hayapiki nyama kabisa.

BintiMakadara

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Nilisahau kutaja kwamba mama ana sukari, ingawa si kali. Je, hizo jalebi si ndiyo basi tena?

MwanaKibokoni

Jalebi wagawane watu watatu moja, na halua ya karoti, ambayo Disemba ndio msimu wake, aonje kijiko tu baada ya kumuuliza daktari. Lakini baridi ya Delhi ina kitu kingine ambacho wageni hukipita bila ya kukitazama. Ni shakarkandi, viazi vitamu vinavyochomwa kwenye makaa, vikamenywa, vikakatwakatwa na kukamuliwa ndimu kwa chumvi nyeusi na pilipili. Vinauzwa kandokando ya barabara kuanzia jioni. Navyo vina sukari yake, kwa hiyo sahani moja iwatoshe nyote wawili. Ipo pia cheela, chapati nyembamba ya unga wa dengu isiyo na sukari yoyote, ambayo ukimwambia muuzaji "mirchi kam" atapunguza pilipili.

BintiMakadara

Nimemsomea mama majibu yenu yote. Viazi vitamu vimemchekesha. Anasema hakukata tikiti ya ndege kwenda kula alichokulia Kilifi. Hilo povu la maziwa, lakini, ameniambia nitege saa ya kuamsha.