Kikundi: Ukoo wa Kilimani

Jumapili

Shangazi Ilembo, 07:12
Hamjambo wanangu. Hizo picha ni za shamba la kilimani, nimepiga jana jioni. Angalieni ule mfereji katikati. Mwaka juzi nilikuwa nauruka. Sasa nikiingia mnaniona kilemba tu.

Mama Tumaini, 07:20
Shikamoo shangazi. Mungu wangu! Na unaanzia kwenye viazi vya juu, sivyo?

Shangazi Ilembo, 07:22
Marahaba. Hapohapo. Matuta yamepigwa kutoka kileleni kuja chini, kwa hiyo mvua ikinyesha kila mfereji unakuwa bomba linalonielekea mimi.

Kaka Dar, 07:41
Shikamoo shangazi. Lile la juu ni langu ila nimemkodisha jamaa. Nilishamuuliza, anasema tuta likikata mlima maji yanatuama na viazi vinaoza.

Baba Neema, 07:45
Hajakosea sana. Kiazi hakitaki maji ya kusimama. Lakini hakuna aliyemwambia alaze tuta bapa. Linakata mlima, linainama kidogo tu upande mmoja, maji yanatoka taratibu hadi kwenye mkondo wenye nyasi. Hapo hakuna kuoza na hakuna mfereji.

Kaka Dar, 07:52
Sawa kaka. Ila mimi naona mngeanza na mbolea. Ruzuku ipo tangu 2022, kujisajili ni bure. Udongo umechoka, ulisheni kwanza.

Shangazi Ilembo, 07:55
Namba ya ruzuku ninayo mwanangu. Msimu uliopita niliweka ya kupandia, mvua ikashuka wiki hiyohiyo. Mahindi yaliyostawi ni ya jirani yangu wa bondeni. Kwa mbolea yangu.

Mama Tumaini, 07:56
😂😂😂 Akuletee hata gunia moja la shukrani

Baba Neema, 08:03
Ndiyo maana nasema maji kwanza, mbolea baadaye. Hata mboji ni hivyohivyo. Kikundi cha kitongoji kimeshakubaliana kuchimba kinga pamoja Jumamosi, yaani mitaro ya kuzuia maji inayokata mlima, shamba hadi shamba, tukianzia juu. Ukianza chini, mvua moja kubwa ya Desemba inavunja kinga zote ulizochimba. Sasa huko juu ni kwako, ndugu yangu. Wewe ukikataa, sisi wote tunachimba bure.

Kaka Dar, 08:05
Ujumbe huu ulifutwa

Mama Tumaini, 08:05
Nimeuona 👀

Kaka Dar, 08:09
Sijakataa. Nauliza tu: hizo kinga zinakula ardhi kiasi gani? Na nani anapima? Mtu wa vipimo ni hela.

Baba Neema, 08:17
Ardhi zinakula, sikufichi. Mlima ukiwa mkali zinakaribiana, zinakula zaidi. Kupima ni fito tu. Mbili zinazolingana unazifunga juu, ya tatu unaikatisha katikati, halafu kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka pale zilipofungwa. Unasimamisha, unaweka alama kamba inapogusa ile fito ya kati. Unageuza, mguu huu ukae pa mwenzake, unaweka alama ya pili. Nusu kati ya alama hizo ndiyo usawa. Basi, unatembea nayo mlima mzima unachomeka vigingi. Watoto wa darasa la tano wanaweza.

Shemeji Tukuyu, 08:26
Ugonile wote. Halafu mkishachimba udongo mnautupa upande gani? Kwetu kuna wanaotupa chini.

Baba Neema, 08:29
Juu, shemeji. Fanya juu. Ule ukingo unapandwa nyasi za malisho, mabingobingo au gwatemala, na kila mwaka udongo unaoshuka unakwama hapo hadi shamba linajilaza lenyewe.

Shemeji Tukuyu, 08:31
Ndaga. Na mbuzi? Mahindi yakishavunwa huko kwenu si wanaachiwa? Mabingobingo machanga hayafiki Krismasi.

Shangazi Ilembo, 08:34
Hapo umegusa kidonda. Mtendaji anasema sheria ndogo ipo. Ipo kwenye faili. Mbuzi hawasomi.

Baba Neema, 08:36
Kuna waliopendekeza nyasi za vetiva, ikikomaa mbuzi haishabikii. Lakini na ng'ombe wa shangazi naye haishabikii. Mimi nasimama na mabingobingo: ng'ombe anakula, samadi inarudi shambani. Mbuzi wafungwe.

Mama Tumaini, 09:10
Babu amerusha sauti ndefu. Wasio na bando nawaandikia kwa kifupi:
Anasema watu wanachukia matuta tangu enzi za mkoloni kwa sababu yalikuwa ya amri. Uluguru mwaka 1955 wananchi waligoma mpaka kukawa na vurugu. Lakini nendeni Mbinga, anasema, Wamatengo wana ngoro zao na hakuna Mzungu aliyewafundisha. Wanafyeka nyasi, wanazilaza kwa miraba, wanachimba katikati na udongo unazifukia nyasi. Mlima mzima unakuwa mashimo, maji yanalala humo. Wanaanza na maharage, mahindi yanafuata.
Pia anauliza marejea, ile mimea ya kurutubisha udongo, ziliishia wapi. Zamani mbegu zilitoka misheni ya Peramiho.

Baba Neema, 09:18
Babu shikamoo. Marejea tutapanda kati ya mahindi, zinaupa udongo naitrojeni bila dukani. Mimea ya utupa nayo pembeni.

Shemeji Tukuyu, 09:20
Utupa tahadhari, msiuoshee mtoni. Unaua samaki.

Kaka Dar, 12:47
Nimempigia jamaa wa viazi. Anakubali matuta ya kulala ila anataka nimpunguzie kodi. Na dawa za ukungu hataacha, anasema bila dawa ugonjwa wa baka jani unamaliza shamba.

Shangazi Ilembo, 12:50
Punguza.

Baba Neema, 12:58
Kwenye viazi simlaumu, ukungu wa huku ni balaa. Tatizo ni kwamba maji yake yanakuja kwetu na kikundi kinataka nembo ya Kilimohai, ya mazao yasiyotumia dawa za viwandani. Wanachama tunakaguana wenyewe, na swali la kwanza litakuwa shamba la juu linapuliza nini. Aache ukanda wa nyasi mpana kati yake na sisi, na mkondo wake utokee pembeni, usipite kwetu.

Kaka Dar, 13:04
Huo ukanda unatoka kwenye shamba langu au lenu?

Baba Neema, 13:05
Lako 😁

Kaka Dar, 13:11
Haya. Akimaliza kuvuna hivi viazi vilivyomo ardhini tutaongea mkataba upya. Jumamosi pimeni mpaka kwangu. Nitatuma hela ya chakula.

Mama Tumaini, 13:12
Tumeshuhudia wote. Kande au wali?

Shangazi Ilembo, 13:15
Watu wanachimba mlimani unawapa wali? Kande, na maziwa ya mgando. Anayekuja aje na sururu, majembe yapo. Huko juu udongo umeshaondoka, imebaki changarawe.